Safu ya Mifugo

Nchi ile haikuwa na upande. Hilo lilitangazwa redioni kila asubuhi kabla ya hali ya hewa, kwa sauti ileile ya mtu anayekwambia kutakuwa na mawingu kidogo. Dunia nzima ilikuwa imekamatana mashati, Wa Juu wanawapiga Wa Chini na Wa Chini wanawarudishia, na katikati yao nchi ile imekaa kama mgeni aliyekuta mume na mke wanagombana: inatazama dari, inasifia mapazia.

Mama Geti aliipenda hali hiyo. Kazi yake ilikuwa kufunga na kufungua geti la reli pale inapokatiza barabara ya sokoni, na kuandika kwenye daftari kila treni inayopita. Kwa miaka ishirini na tisa hakuna treni wala punda aliyewahi kumlalamikia. Alikuwa mjane, mwili umejaa vizuri, na kicheko chake kilianzia tumboni kikachelewa njiani, kikifika mdomoni wenzake wameshasahau kilichochekesha. Aliishi kwenye nyumba ya reli yenye vyumba viwili, karibu na njia kiasi kwamba treni ikipita vikombe vilisogea vyenyewe mezani. Chumba cha pili alikaa binti yake, mkata tiketi wa stesheni.

Na hapo ndipo palipokuwa na mwiba. Binti huyo, ambaye mji mzima ulimwita Dada Tiketi, alikuwa na miaka thelathini na minne, na mchumba alikuwa naye. Mchumba mwenyewe ni Bwana Mifugo wa wilaya, mtu mrefu, msafi, kalamu tatu mfukoni mwa shati, mpole mpaka kuku walimzoea vibaya. Uchumba ulikuwa na miaka sita. Kila mwaka harusi ilikuwa ni mwaka huu, na kila mwaka likatokea jambo ambalo Bwana Mifugo aliona heri lipite kwanza. Mara nyumba yake inapakwa rangi. Mara rangi haijakauka. Mara ng'ombe wa wilaya wanachanjwa, na mtu huwezi kuoa wakati wa chanjo. Vita vya dunia vilipoanza, akasema kwa heshima zote kwamba ingefaa tuone kwanza vinaelekea wapi.

"Mwanangu," Mama Geti alimwambia binti yake jioni moja wakichambua maharage, "huyu bwana ni kama nchi yetu. Hana upande."

"Nchi angalau inatangaza redioni," binti akajibu bila kuinua macho.

Mama Geti alikuwa na haja moja tu duniani: amwone binti yake ameolewa kabla vita havijafika. Bwana Mifugo alikuwa kwenye orodha ya askari wa akiba tangu ujana wake, na nchi ikiingia vitani yeye ni wa kwanza kuitwa. Mwanamume aliyeshindwa kuoa miaka sita ya amani, akishapewa bunduki na kupelekwa kwenye handaki ndiyo atakumbuka? Kwa hiyo kila asubuhi mama huyo alisikiliza redio kwa makini, akisikia bado hatuna upande, anashusha pumzi na kwenda kufungua geti.

Mambo yalianza na mbolea.

Serikali ilikubali Wa Juu wapitishe mbolea yao kwenye reli yetu, kwa sababu mkulima ni mkulima tu hata kama serikali yake inapigana. Waraka ukaja stesheni. Mkuu wa stesheni, Bwana Stesheni kwa jina la mtaani, alizipenda nyaraka kama wengine wanavyopenda muziki. Alisimama nao mlangoni, kofia sawasawa, akausoma kwa sauti mpaka muhuri. Treni ikapita, mabehewa kumi na manane, na Mama Geti akaandika mbolea.

Mwezi uliofuata zikapita dawa na mablanketi, na viatu. Viatu vilikuwa vingi kweli, lakini waraka ulieleza kwamba kiatu hakina upande. Mwezi wa tatu wakapita majeruhi, wamelala, wengine wanapunga mikono ya bandeji dirishani, na nani mwenye roho ya kumfungia geti mgonjwa? Mama Geti mwenyewe aliwapelekea kikapu cha ndizi. Mwezi wa nne wakapita majeruhi waliopona, wanarudi walikotoka. Hao walikuwa wazima kabisa, wanaimba.

Kisha wakaja ambao hawakuwa wamejeruhiwa wala kupona. Waraka wa safari hii Bwana Stesheni aliusoma mara mbili, ya pili kwa kunong'ona. Ulisema askari asiye na bunduki ni msafiri, na bunduki isiyo na askari ni chuma. Basi wasafiri watapita kwa treni yao, na chuma kitapita kwa treni nyingine nusu saa baadaye, ili wasikutane njiani na kuharibu msimamo wa nchi.

Ungeiuliza serikali siku ya kwanza kama itapitisha jeshi la watu, ingekuapia kwamba haiwezekani kabisa. Lakini haikuulizwa hivyo. Iliulizwa mbolea, ikasema sawa. Ikaulizwa viatu, nayo ilishasema sawa kwenye mbolea. Kitu pekee kilichoonekana kwa macho pale mjini ni geti. Zamani lilifungwa dakika tano. Sasa lilifungwa nusu saa, saa nzima, na akina mama wa sokoni waliokwama upande huu walipiga soga kwa kelele na waliokwama upande ule, mizigo kichwani, mpaka nyanya zikaanza kulainika.

Shida ya Mama Geti ilikuwa daftari. Lilikuwa na safu tatu: Abiria, Mizigo, Mifugo. Lilichapwa hivyo tangu enzi ya bwana aliyejenga reli, na halikuwa na safu ya nne. Siku ya wale wasafiri wa kwanza alilibeba kwapani mpaka stesheni.

"Bwana Stesheni, hawa niwaandike abiria?"

"Abiria ana tiketi."

Dada Tiketi akasema kutoka dirishani kwake kwamba hajakata hata moja.

"Basi mizigo."

"Mizigo hupimwa kilo. Umewapima?"

"Nikawapime?"

Bwana Stesheni akavua kofia, jambo alilolifanya misibani tu. "Mama Geti, andika chochote unachotaka isipokuwa askari. Askari hawapiti nchi hii. Umenielewa?"

Alimwelewa. Akarudi kwenye kibanda chake, akafikiri. Watu hawa walikuja kwenye mabehewa ya ng'ombe, kwa kuwa mengine yalikuwa vitani. Chini palitandikwa majani makavu. Vichwa vilitokeza kwenye nafasi za mbao, vinachungulia barabara ya sokoni. Na mifugo, kwa mujibu wa daftari, huandikwa kwa idadi ya vichwa, wala si kwa kilo. Kule tumboni kitu kikaanza kutikisika. Akalamba ncha ya penseli akaandika: Mifugo, 860. Bwana Stesheni akatia sahihi chini bila kusoma, kama alivyofanya siku zote tangu apewe ukuu.

Utani ni utani ukifanywa mara moja. Huu uliendelea miezi minne, treni mbili kwa wiki, na kwa kuwa kila ukurasa ulikuwa na nakala za kaboni, uliendelea katika rangi tatu. Nakala nyeupe ilikwenda makao makuu ya reli, ya waridi hazina, na ya njano idara ya mifugo. Hizo nyeupe na za waridi hakuna mtu aliyezigusa. Bahati mbaya kule idara ya mifugo walikuwa wameajiri karani mpya, katika wale watu wanaosoma wanachopewa. Karani akajumlisha. Katika wilaya yenye ng'ombe mia tisa, wakongwe wakiwemo, walikuwa wamepita mifugo elfu ishirini na moja, mia tatu na arobaini, kutoka nchi za nje, bila hati moja ya daktari.

Barua ikashuka kwa Bwana Mifugo, naye akashuka nayo mpaka getini, adhuhuri, jasho limelowesha kalamu zote tatu.

"Mama," alisema, hata kiti hakukitazama. "Elfu ishirini na moja. Mimi nilikuwa wapi?"

"Ulikuwa unasubiri," Mama Geti akamwambia.

Halafu akamwonea huruma akamweleza ng'ombe hao ni akina nani. Bwana Mifugo akakitafuta kiti sasa. Barua ilikuwa wazi: mifugo ya kigeni isiyo na hati isimamishwe, ikaguliwe, iwekwe karantini siku kumi na nne, na afisa atakayepitisha tena hata mbuzi mmoja ajihesabu hana kazi. Wakaenda wote wawili kwa Bwana Stesheni ili daftari lisahihishwe. Bwana Stesheni alipoona alichokuwa akikitilia sahihi miezi minne, rangi ilimtoka, akapiga simu wizarani. Wizara ikafikiri siku mbili nzima. Jibu likaja kwamba haliwezi kusahihishwa, maana kusahihisha ni kuandika walikuwa nini hasa, na hicho walichokuwa hakipiti nchi hii. Yaliyoandikwa yabaki. Kuhusu karantini, wizara ilimshauri afisa husika atumie hekima.

Hekima ndiyo aliyokuwa nayo tele Bwana Mifugo, na ndiyo iliyomchelewesha siku zote. Alitembea kutoka getini mpaka dirisha la tiketi, na kutoka dirishani mpaka getini, mpaka mbwa wa stesheni akachoka kumfuata. Akiisimamisha treni, Wa Juu watakasirika, na Wa Juu wakikasirika nchi nzima hulipa. Asipoisimamisha, amevunja sheria aliyoapa kuilinda, na kazi hana. Alhamisi asubuhi, treni ikitarajiwa saa nne, alisimama dirishani akamweleza Dada Tiketi kwamba kila upande una hoja zake. Nyuma yake palikuwa na foleni ya watu watano, na hakuna hata mmoja aliyejifanya hasikii.

Dada Tiketi akaweka chini mashine yake ya kutobolea.

"Sikukuuliza hoja," alisema. "Miaka sita nimenyamaza nikidhani unafikiri. Fanya unaloona ni sawa, lolote lile, na mimi nitalibeba na wewe. Lakini ukienda kukaa ofisini kwako ufunge mlango mpaka treni ipite yenyewe, usirudi kwenye dirisha hili. Ukitaka kusafiri nenda kwa miguu."

Mzee mmoja kwenye foleni akakohoa. Bwana Mifugo akaondoka.

Mama Geti aliyaona hayo yote kutoka kwenye kibanda, na kwa mara ya kwanza katika jambo zima hakuona la kuchekesha. Bendera alikuwa nazo mbili, ya kijani na nyekundu, zimeegeshwa ukutani. Kama huyu bwana haji, harusi imekufa leo saa nne. Kama anakuja, harusi huenda ikapona lakini vita vikaingia, na vita vikiingia bwana mwenyewe anachukuliwa. Yote kwa sababu ya mwandiko wake yeye, mwandiko wa darasa la saba, ambao mwalimu aliusifu. Akaomba treni ipate pancha, akakumbuka treni haipati pancha.

Saa nne kasoro dakika nane akamwona anakuja. Amevaa koti jeupe na mabuti ya mpira, mkononi ana mkoba wa kazi. Hakuwa anatembea haraka, ila hakuwa anasimama.

"Mama, inua nyekundu," alisema, kwa sauti ambayo Mama Geti hakuwahi kuisikia ikitoka kwake.

"Unajua unachofanya, baba?"

"Hapana. Lakini nimeshakianza."

Akainua nyekundu. Treni ikalia, ikasaga, ikasimama pua yake hatua tatu kutoka kwenye geti. Akashuka Kapteni, kijana mwenye masikio makubwa, anayeongea lugha yetu kwa kuichimbua neno moja moja, akauliza kuna nini. Bwana Mifugo akafungua daftari, akamwonyesha safu, akamwomba hati za chanjo za vichwa mia sita na arobaini. Kapteni akaomba arudie. Akarudia. Kapteni akaomba arudie polepole. Mara ya tatu akaelewa, na kwanza akakunja uso, kisha akageuka kuwatazama watu wake waliochungulia kwenye nafasi za mbao, mashavu yamejaa majani makavu, na midomo ikaanza kumcheza.

Angeweza kulazimisha, ndiyo. Lakini bunduki zilikuwa kwenye treni ya nyuma. Na treni ya nyuma ilikuwa imeshazuiwa stesheni iliyotangulia, kwa sababu Bwana Stesheni, alipoona njia imezibwa, alipiga simu kule kutekeleza waraka: wasafiri na chuma wasikutane. Sauti yake kwenye simu hiyo ilikuwa ya mtu aliyeishi maisha yake yote akiingojea simu hiyo.

Hivyo ndivyo kikosi kizima kilivyoingizwa kwenye reli ya pembeni, jirani na zizi la stesheni, karantini siku kumi na nne. Bwana Mifugo hakuruka hatua hata moja. Wote walipita kwenye josho la miguu, suruali zimekunjwa. Wote walifunguliwa midomo. Ugonjwa wa miguu na midomo haukuonekana, lakini yalionekana meno mabovu kumi na moja, akawaandikia barua ya kwenda kung'olewa hospitali ya wilaya.

Wenyewe hawakulalamika. Ilikuwa wiki mbili ambazo hakuna mtu angewapiga risasi, na walipoelewa hilo vizuri, mmoja wao mkubwa kama mlango alimkumbatia Bwana Mifugo akamwinua juu na mabuti yake. Walicheza mpira na wachukuzi wa sokoni, wakafungwa. Waliziba paa la stesheni lililovuja tangu Mama Geti ana meno yote. Kapteni aliandika ripoti ndefu kwa wakubwa wake kila asubuhi, akaipeleka dirishani kwa Dada Tiketi kuuliza barua inaondoka lini, akaambiwa kesho, akashukuru. Na geti lilikaa wazi kutwa, watu wanakwenda sokoni na kurudi mpaka wakaona kama wamezoeshwa anasa.

Dada Tiketi naye, mama yake aliona, alianza kupeleka chai kule zizini saa nne, kikombe kimoja, kwa mtu mwenye koti jeupe.

Siku ya tano balozi wa Wa Chini akaenda kwa rais na shada la maua. Akaipongeza nchi shujaa isiyo na upande iliyokamata kikosi cha maadui zake. Serikali ikasema hatujakamata, ni suala la mifugo. Balozi akasema ameelewa kabisa, akakonyeza jicho. Kesho yake meli mbili za Wa Chini zikatia nanga bandarini kuja kulinda hali yetu ya kutokuwa na upande, na serikali, ambayo ilishapokea maua, haikujua itayarudishaje.

Siku ya tisa Wa Juu wakatoa onyo: watu wao waachiwe ndani ya siku tatu. Baraza la mawaziri likakaa. Waziri mmoja alisema waachiwe, mwingine akasema wakiachiwa kabla ya siku kumi na nne itakuwa tumekiri si ng'ombe, na kama si ng'ombe tumekuwa tukipitisha nini? Walipokubaliana kuwaachia, ilikuwa siku ya kumi na mbili, Jumatatu asubuhi, na meli moja ya wale walinzi wetu ilikuwa imeshapiga mzinga kutoka bandarini kwetu na kuzamisha ya Wa Juu iliyokuwa inapita. Saa sita mchana redio ikatangaza kwamba nchi yetu, bila kubadili msimamo wake wa kutokuwa na upande, iko vitani.

Mama Geti alikaa kwenye ngazi ya kibanda na mikono mapajani. Barabarani watu walikuwa wanakimbilia dukani kununua unga na sukari, na aliyekuwa na chumvi kilo tano nyumbani alikimbilia chumvi pia. Saa saba tarishi akapita na baiskeli, akienda zizini na bahasha ya rangi ya udongo. Mama Geti alijua ni nini. Saa saba na nusu Bwana Mifugo akaja mwenyewe, bahasha mfukoni, mahali pa kalamu.

"Alhamisi," alisema. "Nimepangiwa kikosi cha nyumbu wa kubeba mizigo."

Mama Geti akamwambia basi asimame hapo asikie. Akamweleza kuhusu ile siku ya kwanza, penseli, na jinsi alivyocheka. Kwamba haikuwa kosa la kuandika. Alijua anachoandika, alikifanya kwa kuwa kilimfurahisha, na sasa meli imezama na watu ndani yake, na yeye mkwe anayemtaka anachukuliwa, na yote yametoka kwenye tumbo lake hili lisilo na adabu. Machozi yalimtoka, akayafuta kwa bendera ya kijani kwa kuwa ndiyo iliyokuwa karibu.

Bwana Mifugo akachuchumaa mpaka wakawa uso kwa uso.

"Mama, vita vilikuwa vinapita hapa mwaka mzima. Vimepita na viatu, vimepita vinaimba. Mimi nimeviomba hati tu." Akatazama saa yake. "Ofisi ya msajili wa ndoa inafungwa saa ngapi?"

Mama Geti alidhani amesikia vibaya.

"Saa kumi," akasema.

"Na mwanao atakubali?"

"Kamuulize mwenyewe. Sasa hivi, usisubiri hata upepo."

Alikwenda. Waliokuwa kwenye foleni wanasema hakutaja hoja yoyote, alisema tu msajili anafunga saa kumi, na Dada Tiketi akageuza kile kibao cha kusema dirisha limefungwa, kisha akamwuliza atavaaje mabuti hayo mbele ya msajili. Akayavaa hivyohivyo, muda haukuwepo.

Kilichokosekana ni shahidi. Walitakiwa wawili, na mama mzazi haruhusiwi. Bwana Stesheni alikuwa wa kwanza, ameshapiga kofia brashi. Lakini mji mzima ulikuwa kwenye foleni ya unga, na mtu aliyeshika nafasi ya kumi kwenye foleni ya unga siku ya vita humtoi hata kwa harusi ya mwanawe. Mwanamume mwenye nafasi na shati safi alikuwa mmoja tu, naye alikuwa karantini. Ikabidi Bwana Mifugo, kwa mamlaka ya ofisi yake, aandike kibali cha kusafirisha kichwa kimoja, kutoka zizi la stesheni mpaka ofisi ya wilaya na kurudi kabla ya saa kumi na moja jioni.

Msajili alikuwa mtu mzima, miwani imefungwa uzi. Alimtazama Kapteni kuanzia kola mpaka buti.

"Huyu si adui?"

"Tangu saa sita," Bwana Stesheni akakubali.

Msajili akafungua kitabu cha sheria. Shahidi awe mtu mzima, asiwe amelewa, awafahamu maharusi. Akafunua ukurasa wa pili na wa tatu kutafuta habari za maadui, hakuziona.

"Unawafahamu hawa?"

"Huyu," Kapteni akasema kwa kuchimbua, "aliniangalia meno. Huyu ananiambia kesho, kesho. Watu wazuri."

Msajili akampa kalamu. Kapteni akatia sahihi ndefu yenye mkia, na Bwana Stesheni, asishindwe na adui siku ya kwanza, akaurefusha mkia wa yake. Dada Tiketi alisaini haraka kama anayekata tiketi ya treni inayoondoka. Bwana Mifugo akasaini polepole, herufi kwa herufi, lakini hakusimama katikati. Mama Geti alilia tena, safari hii kwa kitambaa chake mwenyewe, na njia yote ya kurudi alimshika Kapteni mkono, kwa kuwa barabara ilikuwa na mashimo na kijana yule alikuwa anatazama juu tu, anatazama anga, kama mtu anayekadiria amebakiza siku ngapi za kulitazama.

Zilibaki siku tatu mpaka Alhamisi. Nyumba ya Bwana Mifugo, ile ya kupakwa rangi, mtakumbuka, ilikuwa kilomita kumi na mbili kutoka hapo, na jeshi lilikuwa limechukua baiskeli zote. Mama Geti hakungoja kuombwa. Alichukua mto wake, blanketi, na kikombe kimoja kisicho na mpini, akawaachia maharusi vyumba vyote viwili na chungu cha maharage kikiwa jikoni, akaenda stesheni akatandika kwenye benchi la chumba cha kusubiria.

Bwana Stesheni akaja akasimama mbele yake, ameumia moyoni. Chumba hiki ni cha abiria tu, alisema, kanuni ya tisa, na leo hasa, nchi ikiwa vitani, kanuni zisilegee. Dada Tiketi, aliyekuwa anapita na mumewe wanakwenda nyumbani, akaachia mkono wake, akaingia ofisini, akafungua dirisha, akamkatia mama yake tiketi ya kwenda kituo kinachofuata, treni ya Alhamisi.

"Abiria kawahi," akasema, akaenda zake.

Bwana Stesheni akaisoma tiketi mbele na nyuma, akaona haina kosa. Akaenda akamletea shuka.